Shubiri na Forosadi katika Ua wa Dobi

Sogeeni, wanangu, sogeeni wote wawili, na wewe Fundi ingia ndani kabisa, acha kuegemea mlango kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga, maana haya ninayotaka kuyasema nitayasema safari moja tu. Pumzi yenyewe mnaisikia inavyokuja kwa kubembelezwa, na nikianza kurudiarudia nitakatikia katikati ya sentensi, halafu mtabaki mnagombania nusu iliyobaki. Pasi, mwanangu, weka chini hicho kikombe. Nimekwisha kunywa. Nimekunywa hicho na cha kabla yake, na ukinipa kingine nitaanza kuvuja. Mama yako ni mgonjwa, si pipa. Kaa hapo upande wa miguu, nduguyo akae huku kichwani, na kabla hamjakaa lifungueni dirisha lote, hata kile kipande kinachokwama. Kigonge kwa kiganja hapo chini, ndiyo, hivyo. Nataka kusema nikiwa nauona ua wangu.

Mimi ni dobi. Najua mnajua, lakini anayeacha wosia hujitaja kwanza, na mimi sina cheo kingine cha kutaja. Nimefua nguo za watu katika ua huu tangu nilipoolewa: shuka za nyumba za wageni, makoti ya madaktari, aproni za wachinjaji ambazo huwezi kuzitazama kabla hujapata chai, na mashati ya wakubwa ambao nikikutana nao barabarani wametuna vifua nacheka peke yangu, kwa kuwa naijua hali ya kola zao. Ninyi wawili nimewalea katikati ya povu. Wewe Pasi jina hilo alikupa baba yenu, kwa sababu tangu utotoni ukishashika moto huwezi kupoa upesi, na ukakua ukashika pasi kweli, ukawa mkono wangu wa kulia. Wewe Fundi jina umejipatia mwenyewe kwa mwiko na pimamaji, na nusu ya kuta za mtaa huu ni zako. Sina mtoto wa kunitia aibu. Nina watoto wa kunikosesha usingizi, hilo ni jambo jingine, nitalifikia.

Kwanza mepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili kama mnavyokaa sasa: vyumba vya mbele Fundi na mkewe na wajukuu wangu, vya nyuma pamoja na kibanda cha kupigia pasi ni vya dada yako, na ua ni wa wote. Pasi za mkaa, ile meza, mabeseni na kamba zote zinabaki na anayefanya kazi hiyo. Ile pasi ya umeme inayorusha cheche itupeni nje kabla haijamtuma mtu kunifuata mimi. Na katika kabati la kibandani mna nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hizo ndizo deni langu. Msizigawe, msizivae, Fundi, ile jaketi ya kahawia nimekuona ukijipima nayo mbele ya kioo, ukageuka na upande wa mgongo ukajitazama, ina mwenyewe hiyo. Siku akija, hata kama ameota kitambi haimfungi tena, mpeni imefuliwa na imenyooshwa, mwambieni mama alikusubiri.

Hayo ndiyo mepesi. Zito liko pale nje, mnaliona, kati ya kibanda na tangi la maji, kile kipande cha udongo ambacho kuku wawili wakipishana mmoja lazima aombe radhi. Pale pana mforosadi, pana mshubiri au kile kilichobaki cha mshubiri, na katikati yake pana rundo la matofali ambalo Fundi amelipanga vizuri kabisa, pembe kwa pembe, likisubiri mimi nife. Usiinamishe kichwa, baba. Linasubiri, nami silichukii. Tofali halina haraka. Mwenye haraka ni mimi.

Mnadhani mgonjwa akifumba macho amefunga na masikio? Tangu nirudishwe kutoka hospitali nikiwa na mgongo uliochubuka kwa kulala, ninyi wawili hamjaambiana neno. Mnakutana hapa kitandani kwangu, mabega yenu yanakaribia kugusana, huyu ananiambia, “Mama, mwambie binti yako asogeze beseni nipite.” Na yule anajibu, macho kwenye dari, “Mama, mwambie mwanao njia ni pana, tatizo ni tumbo lake.” Nami nimelala hapo katikati, homa juu, napeleka salamu za beseni. Nimekuwa karani wenu. Jana mmenipa ujumbe kuhusu bomba linalovuja, nikasinzia kabla sijaufikisha, nikaamka nikaukuta ua umejaa maji, kila mmoja amekaa chumbani kwake anasubiri mwenzake aambiwe.

Nimecheka, sikatai. Kisha nikalala nikafikiri, na kicheko kikanikauka mdomoni. Kwa sababu maneno yote ya nyumba hii siku hizi yanapita hapa, kwenye kitanda hiki, na kitanda hiki karibu kitakuwa kitupu. Siku hiyo mtapita wapi? Nani atamwambia huyu kwamba yule anaumwa? Mtoto wa Fundi akianguka, Pasi atasikia kilio kupitia ukutani na kukaa, kwa sababu hakuambiwa? Ndilo linaloniuma kuliko huu mgongo. Kufa nimekwisha kukuzoea, kunakuja na kurudi kama mteja asiyejua anachotaka. Lakini sitaki kufa nikiacha watu wawili walionyonya ziwa moja hawana njia ya kuambiana bomba linavuja.

Na chanzo chake ni mimea. Watu wengine hugombania mashamba, wangu wanagombania jani na tunda, na kila mmoja ana hoja zake, ninazijua kwa moyo maana zote mmezitoa juu ya kifua changu. Pasi anasema, “Mama, dobi mwenye mforosadi ni sawa na muuza barafu aliyejenga juu ya tanuri. Tufue sisi, tutiwe madoa na mti wetu wenyewe? Ukatwe, pale pajae mishubiri mitupu. Haidai maji, haipukutishi kitu, na ukiungua na pasi dawa iko mlangoni.” Na Fundi anasema, “Shubiri ni mmea gani, mama? Haina kivuli, haina tunda, ukimwonjesha mtoto anakuchukia mwaka mzima. Umekaa tu na miiba yake pembeni kama mwenye nyumba siku ya kodi. Mforosadi haukatwi hata tawi, ule ni mti wa baba.”

Mti wa baba. Haya. Leo nawaambia habari za huo mti wa baba, na Fundi ushike kitu.

Baba yenu hakupanda mti wowote katika maisha yake. Yule bwana, Mungu amrehemu, alikuwa akiona jembe anakumbuka ana mgonjwa wa kwenda kumtazama. Nilikuwa nimeolewa karibuni, kamba yangu ya kuanikia imelegea, shuka zinaburuta chini nafua mara mbili, nikamwambia, “Mume wangu, nitafutie nguzo.” Akatoka. Mahali fulani watu walikuwa wanakata matawi, akaokota moja lililonyooka, bichi bado, akaja akalisimika pale na kulishindilia mawe, akarudi nyuma hatua akajipongeza kama amejenga daraja. Nikafunga kamba, nikaanika. Mvua zikanyesha, na siku moja naenda kuanua naona nguzo imetoa jani. Nikamwita. Akalitazama, akanitazama, akasema, “Usiiambie kitu, itaacha.” Haikuacha. Ndiyo hiyo mnayoiona. Mimi na baba yenu tulipanda nguzo, wanangu, nguzo ikakataa kazi ikawa mti.

Cheka, Pasi, cheka tu, lakini usicheke ukasahau sehemu inayokuja, maana ni yako.

Mwaka wa kwanza wa mti ule kuzaa, alikuwepo bwana mmoja tuliyemwita Bwana Suti kwa sababu alikuwa na moja na aliisema kila mahali. Suti nyeupe. Alikuwa anaoa. Nimeifua, nimeitia wanga, nimeitundika kivulini inakunywa hewa, mwenyewe anakuja kuichukua, ameshanyoa, ananukia mpaka barabarani. Na ndege, sijui aliagizwa na nani, akaja akala forosadi mbivu juu ya mti akaziacha kwenye bega la koti. Doa la zambarau, kubwa kama mdomo wa kikombe. Bwana Suti alikaa chini kwenye beseni lililopinduliwa akasema kwa sauti ndogo, “Nitaoa nikiwa nimepigwa risasi.” Baba yenu alikimbia. Mimi sikujua la kufanya, nikajaribu limau, nikajaribu sabuni, doa likazidi kutandaa, mpaka bibi mmoja aliyekuwa ameleta mashuka akachuma forosadi mbichi, zile za kijani, ngumu, akazisaga kwa vidole na kulisugua doa, akasuuza. Likatoka. Mbele ya macho yangu, lote. Bwana Suti akaoa, suti ina unyevu begani na bibi harusi akidhani ni machozi. Tangu siku hiyo hakuna doa la tunda lililonishinda, hata la mvinyo wa hotelini, na watu walileta nguo kutoka mitaa ya mbali wakasema yule dobi ana dawa. Dawa ilikuwa juu ya kamba. Pasi, umefanya kazi na mimi miaka yote hii, ile chupa yenye maji ya kijani chini ya meza ulidhani ni nini? Ndiyo. Ni mforosadi unaotaka kuukata.

Na usiniambie huupendi. Siku ulipokuja hapa kumshtaki nduguyo, umesimama hapo hapo miguuni, unasema mti huu ni laana, ulifungua mdomo ulimi ukawa wa zambarau mpaka kooni. Nilinyamaza kwa heshima.

Sasa wewe, Fundi. Mti ulikuwa unazaa kwa sababu baba yenu alikuwa anaukata. Alitaka nguzo, yeye, hakutaka matawi, kila baada ya msimu alipanda juu na msumeno wake anautukana, “Nilikwambia ushike kamba, nani kakwambia utanuke?” na kukata matawi yote ya pembeni mpaka karibu na shina, anaacha vifundo tu. Nao mti ukawa unatoa machipukizi mapya kwa hasira, na forosadi huja kwenye chipukizi jipya, siyo kwenye tawi la zamani. Alikuwa anaukomesha na wenyewe unamjazia bakuli. Alipokufa, wewe ukasema hakuna mkono wa kuugusa tena. Ulisema kwa mapenzi, nilikuona, ulikuwa umeushika kama mtu anayeshika bega. Tangu hapo umekwenda juu, umekuwa majani na fimbo, fimbo zinachapa shuka za watu upepo ukivuma, na matunda ni yale machache ya kuhesabiwa na ndege. Wanao wanaupanda wanarudi na mikwaruzo mitupu. Mti ule haufi kwa msumeno, mwanangu. Unafifia kwa kuogopwa.

Nisogezeeni mto. Si wewe, Pasi, wewe umeshausogeza mara nyingi. Fundi. Ndiyo, wewe, weka mkono hapa chini ya bega na uninyanyue. Mimi sivunjiki. Unabeba mifuko ya saruji asubuhi mpaka jioni, unaogopa kumbeba mama yako? Tangu nirudi hujanigusa, unasimama mlangoni unauliza, “Mama, hujambo?” na kukimbilia kazini. Hivyo. Umeona? Mikono yako ina mikwaruzo mizuri, inaukuna mgongo.

Tuje kwenye shubiri.

Ule mshubiri aliuleta mama yake baba yenu. Mnajua mimi na yeye hatukupikika chungu kimoja. Alitaka mwanawe aoe mwalimu, akapata dobi, na hakuwahi kulificha. Siku niliyoungua kiganja chote na pasi ya mkaa, yeye alikuja bila kubisha hodi, amebeba kile kimmea kwenye kopo lililotoboka, akakata jani, akanipaka ute wake mkono mzima, kimya, akafunga kitambaa. Nikasema ahsante, mama. Akasema, “Sijakufanyia wewe, mwanangu hawezi kufua.” Akaenda zake. Nilimchukia kwa hayo maneno muda mrefu sana. Lakini kila nilipoungua niliikata ile shubiri, na sikumbuki tena uso wake ukiwa umekunjwa, nakumbuka vidole vyake vikipaka. Mimi na yeye tulizungumza maisha yetu yote kupitia kwa baba yenu, kama ninyi mnavyozungumza kupitia kwangu, na alipokufa niligundua nilikuwa na mengi ya kumwambia na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Hilo nilitaka mlisikie. Nimelisema.

Sasa, Pasi, uliporudi na mimi kutoka hospitali ulikwenda kukata jani unipake mgongoni, ukayakuta majani yamekuwa laini kama yamechemshwa, shina linanuka, mmea wote umelala. Ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia. “Ameumwagia maji ya saruji! Anauchukia tangu mwanawe achomwe na mwiba!” Na wewe Fundi, badala ya kujibu, ukaenda ukaleta matofali. “Tupasue ua, kila mtu akae na mti wake.” Hivyo ndivyo ilivyokuwa, au nimekosea? Nyamazeni, sijauliza ili mnijibu.

Mimi kabla sijapelekwa hospitali nililala kwenye kitanda hiki wiki nzima nikitazama dirisha hili hili. Nilimwona aliyeua mshubiri. Nilimwona vizuri sana.

Asubuhi, kabla hujawasha mkaa, Pasi, ulikuwa unatoka na kopo la maji, unaumwagia, unasimama hapo unaufuta vumbi kwa kona ya kanga, unasema nao maneno nisiyoyasikia. Sawa. Jua likipanda, mke wa Fundi anatoka na maji ya kuoshea mboga, anatazama huku na huku, anaumwagia, kwa sababu alisikia mama mkwe akipona kwa shubiri na hataki kuonekana anajipendekeza. Sawa. Halafu jioni. Jioni anarudi mtu kazini, mweupe kwa vumbi mpaka kope, anapita bombani ananawa mikono, anajaza ndoo ndogo, anazunguka nyuma ya tangi ili dada yake asimwone, anauchutamia ule mmea anaoutukana mchana kutwa, anaumwagia taratibu, taratibu sana, kisha anatazama dirisha langu.

Usilie, Fundi. Mwanamume mzima, utalowesha shuka iliyotoka kufuliwa.

Umesikia, Pasi? Mtazame. Mtazame yeye, mimi nimeshatazamwa vya kutosha. Hakuna aliyeua mshubiri kwa chuki. Mmeuua kwa maji, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani ni peke yake anayemjali mama. Mshubiri ukitia kidole udongoni ukakuta ubichi, ondoka, nenda kafanye kazi nyingine. Wenyewe una maji yake ndani ya majani, unachotaka ni jua, mchanga na kuachwa. Nanyi mmeupa mapenzi ya mforosadi. Na mforosadi unaotaka mkono na msumeno mmeupa mapenzi ya mshubiri, mmeuacha. Mimea ni miwili, mkaipenda yote miwili, kila mmoja kwa namna ya mwenzake. Sijui mmefanyaje; hata mtu akilipwa kukosea hapatii hivyo.

Msidhani nitasema sasa kwamba mmoja wenu ni shubiri na mwingine ni forosadi. Sijafika huko, dawa hazijanipanda kichwani kiasi hicho. Ninyi ni watu, na ile ni mimea, na pale pana nafasi ya yote miwili mkiacha ukaidi.

Ukuta siukatazi. Nikikataza utakaa mpaka siku nyingi zipite, halafu mtu atasema mama hayupo, na tofali la kwanza litalala. Nakuuliza tu wewe kama fundi, acha umwanangu: ukuta wa kimo hicho ukisimama pale, upande wa kibanda utapata jua saa ngapi? Haupati. Basi mshubiri haukai. Na mizizi ya mforosadi ikisikia tangi liko upande wa pili, itaupa msingi wako muda gani? Ah. Umetikisa kichwa. Unajua kuliko mimi. Kama bado unataka kujenga, jenga, ila ukijenga uutie jina lako kwa saruji, watu wa mtaa wajue ni nani aliyejenga ukuta unaoinama.

Ninachotaka ni hiki. Mshubiri haujafa wote. Pembeni, upande wa tangi, kuna chipukizi dogo bado gumu, nimeliona leo mliponigeuza. Mlikate kwa kisu kikavu, mlilaze kivulini siku kadhaa mpaka kidonda chake kikauke, Pasi usilipe maji, nakuomba kama mama, usilipe hata tone. Fundi uvunje matofali yako mawili matatu, uyalaze chini, juu umwage mchanga wa kazi ule wenye chembe, uinue tuta dogo maji yasituame, hapo ndipo mlipande. Na mforosadi ukatwe. Sasa hivi. Siyo kesho, kesho si yangu. Tokeni wote wawili, msumeno wa baba yenu uko nyuma ya mlango wa kibanda, nendeni, mimi nitasema kupitia dirishani. Nendeni. Pasi, acha kikombe.

Mko wapi? Naam, nawaona.

Matawi ya pembeni, Fundi. Yale yaliyokwenda juu kama fimbo. Uyarudishe mpaka kwenye vifundo, uache macho mawili matatu ya kuchipua... Shina usiliguse, litatoa maziwa.

Mnaona mnavyosimama? Mmoja huku, mmoja kule, kama nguzo za kamba. Mtu mmoja hawezi kukata tawi lile peke yake, litaangukia nguo. Lazima mmoja alishike.

Lishike, Pasi. Hivyo...

Naisikia sauti ya msumeno. Kavu hivyo. Nyamazeni kidogo nipumzike.

Nawaombea, wanangu, nikiwa hapa nawaona. Mungu awape mikono isiyochoka na ngozi isiyochubuka. Wateja wenu wawe wengi na wenye kola safi. Watoto wa huyu wamwite yule mama, na yule akilala mgonjwa asitafute mtu wa kumnyanyua. Mkioza mahali, muwe na chipukizi pembeni. Mkikatwa...

Nani anapiga kelele?

“Si hapo! Fundi, si hapo, umekata jicho!”

“Nimekata mbao tangu sijaota ndevu, leo nifundishwe na mpiga pasi?”

“Mbao imekufa, wewe! Huu uko hai! Lete huo msumeno.”

“Njoo uuchukue basi, mwenye ulimi wa zambarau.”

Ahaa.

Mke wa Fundi, umeingia... kaa, mama, kaa hapa. Usiende kuwaamua. Waache.

Wakija kwangu kushtakiana... uwaambie mama amelala. Waambiane.

Waambiane wenyewe. Mungu awa...

Sikiliza wanavyobishana.